Binti yangu yuko Uingereza, ana mimba ya miezi mitano na hajaonwa na daktari

BARUA

Dada mkunga, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Mikindani. Nimesoma majibu yako kwa akina mama wengine, leo ni zamu yangu. Jina nihifadhie.

Nina binti wa miaka 29. Ndiye mkubwa wa walio hai, kwa sababu aliyemtangulia nilimzika akiwa wa siku moja, mwaka 1994. Nilikwenda kujifungua, nikawaambia manesi kwamba mtoto hachezi tangu asubuhi, nikaambiwa nisiwafundishe kazi. Daktari alifika jioni. Sijawahi kulisahau, na ndiyo maana nikisikia mtu ana mimba, swali langu la kwanza ni hilo: daktari amemwona?

Huyu binti yuko Uingereza, mwaka wa tano sasa. Alikwenda kusoma, akapata kazi ya kutunza wazee, akaolewa na kijana wa Newala aliyemkuta hukohuko. Mimba ni ya kwanza, ina wiki 23. Na tangu aanze kliniki hajaonwa na daktari hata mara moja, dada. Ni wakunga watupu, na wenyewe wanabadilika. Wa mara ya kwanza si huyu wa mara ya pili. Picha ya mtoto amepigwa mara mbili, ya mwisho wiki ya 20, na wamemwambia kama hakuna tatizo hapigwi tena mpaka ajifungue. Hapa jirani yangu ana binti anayekwenda hospitali ya kulipia Mtwara mjini, kila mwezi anarudi na picha mpya tunapokezana kuitazama. Wa kwangu yuko kwa wenye mashine zao, ana picha mbili!

Mimba ilipokuwa changa alitapika mpaka akakonda. Wakamwambia ale kidogokidogo, biskuti kavu asubuhi. Hakuna dripu, hakuna sindano. Mgongo ukimuuma, parasetamo. Nikamuuliza, umechomwa ya pepopunda? Hajui. Umepewa SP, ile dawa ya kuzuia malaria? Hata hawaitaji. Dada yangu aliyeko Lindi anasema huko wanamwacha mtu mpaka azidiwe ndipo wamshughulikie.

Wiki iliyopita aliniambia kichwa kinamgonga tangu Jumamosi na hakitulii kwa dawa. Nikamuuliza kama amewaambia. Akasema, "Mama, hawa watu wana kazi nyingi. Kliniki yangu ni Alhamisi ya wiki ijayo, nitawaambia siku hiyo."

Baba yake anataka aje azalie nyumbani. Uzazi wa kwanza kwetu ni kwa mama, hilo unalijua. Chumba kipo, na pesa ya korosho ya msimu huu nimeiweka kwa ajili ya nauli. Mkwe wetu anasita. Anasema huduma ya kule ni nzuri, lakini ukimuuliza uzuri wake uko wapi hana la kukueleza.

Nisaidie. Mtu aliye mbali hivi anapimaje kama mwanawe anahudumiwa au anapuuzwa? Na nimwite, au nisimwite?

Mama wa Mikindani

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Na pole kwa mtoto wako wa 1994. Miaka hii yote haikufanyi usipewe pole.

Siku barua yako iliponifikia sikungoja safu, nilikutumia ujumbe usiku uleule kwa sababu ya hicho kichwa. Umeniruhusu niyaandike hapa yaliyofuata, kwa hiyo nianze nayo.

Mimba ikishavuka wiki 20, kichwa kinachogonga siku kadhaa na hakisikii dawa si cha kusubiri kliniki. Huenda ni kichwa tu. Lakini huenda pia ni dalili za kwanza za kifafa cha mimba: presha inapanda, protini inatoka kwenye mkojo, na mama mwenyewe hajioni mgonjwa mpaka macho yaanze kuona vimulimuli, uso na mikono ivimbe ghafla, au maumivu yamshike chini ya mbavu. Mimba ya kwanza ndiyo inayoandamwa zaidi. Wodi za uzazi za Uingereza zina simu inayopokewa usiku na mchana, na mjamzito hupewa namba yake mapema kabisa pamoja na kumbukumbu zake za kliniki. Binti yako alikuwa nayo miezi yote. Hakuipiga.

Ulimsukuma, akapiga. Wakamwambia aende usiku huohuo. Wakampima presha mara tatu kwa kuachanisha muda, wakapima mkojo na damu, wakasikiliza moyo wa mtoto, na kabla ya kumruhusu akaja daktari kumwona. Presha haikuwa mbaya, mkojo safi, na baada ya siku tatu anarudi wapime tena. Kwa hiyo daktari uliyekuwa unamtafuta alikuwepo siku zote. Alikuwa upande wa pili wa simu ambayo binti yako aliona haya kuipiga.

Haya hiyo ndiyo nitakayorudi kwayo, maana ndiyo inayonitia hofu kuliko hizo picha mbili. Lakini kwanza nikutoe wasiwasi pale ambapo hauhitajiki.

Kule mkunga si msaidizi wa daktari. Amesoma shahada ya ukunga kwa miaka kama mitatu, amesajiliwa kwenye baraza la taifa la wauguzi na wakunga, na jina lake mtu yeyote anaweza kulitafuta kwenye daftari la baraza hilo katika intaneti akaona kama leseni yake ni hai. Mimba isiyo na tatizo ni yake tangu kliniki ya kwanza mpaka kuzalisha. Akiona presha imepanda, sukari imezidi, mtoto hakui au amekaa vibaya, anamwita daktari bingwa. Mimi niliyefanya kazi hii wodini miaka 28 nakwambia mpango huo si wa kubania watu huduma. Tatizo letu huku limekuwa kwamba daktari ni mmoja na foleni haina mwisho, kwa hiyo kumwona tu tunakuhesabu kuwa ni kupona.

Picha nazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apigwe picha walau moja kabla ya wiki 24. Wa kwako amepigwa mbili: ya mwanzo ya kukadiria umri wa mimba na kuona kama ni mmoja au pacha, na ya wiki ya 20 ambamo wanakagua moyo, uti wa mgongo, figo, ubongo, na kondo la nyuma limekaa wapi. Hiyo ya pili ni kazi ya takriban nusu saa ya mtu aliyesomea. Picha ya kila mwezi ya binti wa jirani inaweza kuwa nzuri sana kuitazama, lakini muulize kama kila mwezi anapimwa presha na mkojo. Kifafa cha mimba kinaanza kuonekana hapo, kwenye mpira wa kufunga mkononi na kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, vitu ambavyo hata zahanati ya kijijini inatakiwa kuwa navyo.

SP hapewi kwa sababu Uingereza haina malaria ya kuenezwa na mbu wa huko. Pepopunda imo ndani ya chanjo ambayo wajawazito wote hupewa kuanzia wiki ya 16, hasa kwa ajili ya kumkinga mtoto na kifaduro. Yuko wiki ya 23, aiulizie sasa kama hajachomwa. Kutapika kulikuwa jambo la kuangaliwa: kama alikuwa anaweka walau maji tumboni na mkojo unatoka, ushauri ule ulitosha, kama alishindwa kuweka hata maji, alipaswa kupata zaidi. Hili alijua yeye peke yake. Je, aliwaambia kwamba amekonda?

Hapo ndipo tunaporudi.

Uingereza si peponi, na sitakudanganya. Asasi ya serikali inayokagua hospitali kule ilipita kwenye wodi za uzazi 131 na mwaka 2024 ikatoa ripoti: karibu nusu zilipewa daraja la kuhitaji marekebisho au la kutofaa. Vifo vya uzazi kule ni vichache, takriban 13 katika kila wazazi 100,000, wakati utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulionyesha 104 katika vizazi hai 100,000, na huo kwetu ni ushindi mkubwa kutoka 556 ya utafiti wa 2015-16. Ila ukiigawa hesabu yao kwa rangi, wanawake weusi wanakufa zaidi ya mara 2 ya weupe. Sababu ni nyingi, zikiwemo magonjwa mengine na maisha magumu, lakini wanawake weusi wenyewe wanapohojiwa kule hurudia jambo moja: nilisema, sikusikilizwa.

Mdogo wangu, maneno hayo unayajua. Ni ya kwako ya 1994.

Nami nina langu. Zamani nikiwa nesi kijana, mama mmoja aliniambia, "Sista, kuna kitu hakiko sawa," nikamjibu kwamba wote husema hivyo. Alikuwa anavuja damu ndani. Alipona, kwa rehema ya Mungu na kwa sababu mwenzangu aliingia zamu akamtazama macho yake tu akashtuka. Tangu siku hiyo, mama akiniambia hakiko sawa, nilimpima kabla sijafungua mdomo. Sasa unaponiuliza ubora wa huduma unapimwaje, mimi sitazami jengo wala mashine. Natazama: huyu mama akisema kuna kitu hakiko sawa, inachukua dakika ngapi mpaka mtu amguse? Kwa binti yako ilikuwa usiku uleule. Hicho ni kipimo kizuri mno, na kingeweza kwenda vibaya, kwa hiyo usikihesabu mara moja ukalala.

Ila kipimo hicho kina sharti: mama aseme. Na sisi wa kusini mabinti zetu tumewafunza kutosema. Mimi mwenyewe kungwi wangu aliniambia uchungu wa uzazi unamezwa, kwamba mwanamke anayepiga kelele leba anaiaibisha nyumba yake. Tukawafunza na heshima kwa mwenye koti jeupe: usimhoji, usimsumbue, ukiambiwa kaa unakaa. Heshima hiyo ndiyo aliyoondoka nayo mwanao. Akafika kwenye nchi ambayo utaratibu wake wote unategemea mgonjwa apige simu na aseme wazi. Anayenyamaza kule anahesabiwa mzima. Hakuna atakayemfuata nyumbani kumuuliza mbona hujasema, kama ambavyo wewe ungemwona tu sebuleni ukajua.

Kwa hiyo kazi hii ni ya kwako kuliko ya mkwe wako. Mpe ruhusa. Mwambie kwa kinywa chako, kama mama, kwamba kusumbua wakunga si kukosa adabu. Mwambie habari za 1994 kama hujawahi kumwambia yote. Nashuku anajua kwamba mtoto alifariki na hajui kwamba ulisema ukanyamazishwa. Na siku akiona hasikilizwi, asizunguke, aseme: nina wasiwasi, nataka mtu mwingine mwenye uzoefu zaidi aniangalie, na naomba iandikwe kwenye kumbukumbu zangu kwamba nimeomba. Neno la kuandikwa lina uzito mkubwa hospitali yoyote duniani. Kule kuna mama aliyepata msiba kama wako. Binti yake, Martha Mills, aliyekuwa na miaka 13, aliumia kwa kuanguka na baiskeli akafariki hospitalini London mwaka 2021, baada ya wazazi kueleza wasiwasi wao bila kusikilizwa. Mama yule hakunyamaza, na kuanzia 2024 hospitali za kule zimeanza kuweka utaratibu, unaitwa kwa jina la mtoto huyo, wa mgonjwa au ndugu kuomba timu nyingine ije imtazame mgonjwa anayezidiwa. Umeanza kwenye wodi za kawaida. Binti yako aulize wodi yake ya uzazi ina mpango gani.

Wewe ukimpigia, badilisha maswali. Usimuulize picha ngapi. Muulize presha ilikuwa ngapi, akusomee, na uiandike kwenye daftari ili uone inapanda au imetulia. Mtoto anacheza? Kuanzia sasa mpaka wiki ya 24 ataanza kuuzoea mchezo wa mwanawe, na siku ukipungua anapiga simu saa hiyohiyo, hasubiri kesho wala hanywi kitu baridi kwanza aone. Muulize pia kama walimpima damu ya selimundu mwanzoni, maana kule hutoa kipimo hicho kwa wajawazito, na akikutwa na vinasaba vyake baba naye hupimwa. Hilo la kubadilishiwa wakunga una haki ya kulilalamikia. Huduma ya mkunga mmoja ni bora, akina mama hujisikia salama zaidi, na wengi hawaipati kwa uhaba wa watumishi. Aombe. Asipopewa, kila mara amhadithie mkunga mpya mambo yake kuanzia mwanzo, asidhani amesoma.

Sasa la kumwita.

Nakuelewa kuhusu uzazi wa kwanza. Chumba kile umekifagia kwa mapenzi. Lakini mimi ningekuwa wewe nisingemwita, na sababu si kwamba hospitali zetu ni mbaya. Tuna Ligula, tuna hospitali ya kanda pale Mitengo, na Ndanda na Nyangao zimezalisha vizazi na vizazi vya watu wa huku. Sababu ya kwanza ni mbu. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Wewe na mimi tumeumwa nayo mara nyingi mpaka mwili umejijengea kinga kidogo. Yeye amekaa miaka mitano pasipo malaria, kinga hiyo imepungua sana, na mimba ya kwanza ndiyo ambayo vijidudu vya malaria hujificha zaidi kwenye kondo la nyuma. Mjamzito wa aina yake akipata malaria anazidiwa haraka: damu inashuka, mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa njiti. Madaktari wa kule huwashauri wajawazito wasiende penye malaria kama safari inaweza kungoja, na katika hili nakubaliana nao kabisa.

Ya pili ni safari yenyewe. Baada ya wiki 28 mashirika mengi ya ndege hudai barua ya mkunga au daktari, na mimba ya mtoto mmoja ikivuka wiki 36 hayampakii. Maana yake angetua Dar es Salaam na wiki nyingi za kungoja, aje Mtwara kwa ndege nyingine au kwa barabara ya zaidi ya kilomita 500, aanze kliniki mpya kwa watu wasiomjua, kumbukumbu zake ziko kwenye kompyuta za Uingereza, na presha yake hii tunayoifuatilia. Hapana, mdogo wangu.

Pesa ya korosho usiiguse kwanza. Akijifungua, mkunga atamfuata nyumbani kwake, kwa kawaida kesho yake baada ya kutoka hospitali, na tena siku ya tano kumchoma mtoto kisigino na kuchukua matone ya damu ya kupima selimundu na magonjwa mengine ya kuzaliwa nayo. Hilo la kufuatwa nyumbani na mkunga ningependa sana kuliona Mtwara nzima. Chanjo ya kifua kikuu ambayo hapa anachomwa kila mtoto, kule hupewa baadhi tu, wakiwemo wale ambao mzazi amezaliwa nchi yenye ugonjwa huo mwingi kama yetu. Mwambie mapema aikumbushe, isisahaulike. Na leba ana haki ya kuwa na mtu wake mwanzo hadi mwisho. Mkwe wako aingie naye, na ajue kwamba kazi yake mle ndani ni kusema pale mkewe atakaposhindwa.

Mtoto akishakuwa mkubwa wa kutosha na chanjo zake, na kiangazi mbu wamepungua, waje wote watatu na chandarua na dawa za kinga watakazoandikiwa kabla ya safari. Au panda wewe, kama kibali kitapatikana, ukamkandie maji ya moto hukohuko. Ukienda, wewe ni mgeni na matibabu yako utalipishwa, na bili zao ni kubwa, kwa hiyo kata bima ya safari kabla hujaondoka.

Siku tatu za kurudi kupima presha zinaisha Jumatano. Mpigie jioni baada ya swala ya isha, kule bado watu hawajala chakula cha usiku. Akusomee namba zote mbili, ya juu na ya chini. Ya juu ikiwa 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, asikubali kurudi nyumbani bila kuelezwa mpango, na wewe nitumie ujumbe saa yoyote.